Mshika Tochi na Gari Lisilonguruma

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, kazi yangu katika matengenezo ya gari la nyumbani ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kushika tochi. Jioni baba alipofungua boneti, kaka yangu alisimama mkono wake wa kulia, akapewa spana, akaelezwa plagi ziko wapi, mkanda wa feni ukazwe kiasi gani, na kwa nini injini inayokohoa asubuhi haina ugonjwa ule ule wa injini inayokohoa mlimani. Mimi nilisimama upande wa pili nikimulika. Mwanga ukitikisika niliambiwa, “Mwanangu, tulia, mulika hapa.” Hakuna aliyenifukuza wala aliyenitamkia kwamba injini si mambo ya wasichana, na pengine ndiyo sababu ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba mimi na kaka yangu tulisimama kwenye boneti moja lakini tukapewa masomo mawili. Yeye alifundishwa kusikiliza, mimi nikafundishwa kutulia.

Tochi ile imenirudia akilini tangu nianze kuendesha gari la umeme. Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu magari haya, wapo wanaosema kwamba si magari kamili, kwamba ni vyombo vya jikoni vilivyotiwa magurudumu. Naomba msomaji autazame vizuri ufananisho huo, maana haukuokotwa ovyo: anayetaka kulidharau gari hulipeleka jikoni, mahali anapodhani panamhusu mwanamke, na kwa neno moja amekidharau chombo na amemdharau mtu. Wapo pia, na wengi wao ni watu ninaowaheshimu, wanaoamini kwamba kuondoka kwa petroli kutauondoa wenyewe ule utamaduni wa magari uliojengwa juu ya mngurumo, ubabe na mashindano. Sikubaliani na wa kwanza, na wa pili nawaonea mashaka. Chuma hakina jinsia. Hupewa jinsia na wanaokiuza, wanaokitengeneza na wanaokaa kukizungumzia, na gari la umeme limekwisha kupitia jambo hili mara moja, likaumia.

Mwaka 1900 viwanda vya Marekani vilitengeneza magari 4,192. Kati ya hayo, 1,681 yalikuwa ya mvuke, 1,575 ya umeme, na 936 tu ya petroli. Umeme, kwa hiyo, haukuwa ndoto ya wakati ujao, ulikuwa jambo la kawaida katika mitaa ya miji mikubwa. Wala haukuanza na sifa ya upole. Tarehe 29 Aprili 1899, karibu na jiji la Paris, Mbelgiji Camille Jenatzy aliketi juu ya chombo chenye umbo la risasi, kilichosukumwa na betri, akawa mtu wa kwanza kuvuka mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwa chombo cha barabarani. Kama kasi ndiyo inayolipatia gari uanaume, basi mwaka ule uanaume wote ulikuwa upande wa betri.

Upande wa petroli, safari ndefu ya kwanza inayokumbukwa ilifanywa na mwanamke. Mwezi Agosti 1888, Bertha Benz alilitoa gari lililoundwa na mume wake, Carl, bila kumwarifu, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, akafunga safari kutoka Mannheim hadi Pforzheim, umbali wa zaidi ya kilomita 100. Mafuta yalipokaribia kwisha alinunua kiyeyusho katika duka la dawa la Wiesloch. Mrija wa mafuta ulipoziba aliuzibua kwa pini ya kofia yake, waya wa umeme ulipochubuka akauzungushia mkanda wa soksi yake, na breki za mbao zilipokwisha akamwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Milima ilipolishinda gari, wanawe walishuka wakasukuma, na aliporudi alimshauri mume wake aongeze gia ya kupandia. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama kisa cha mke jasiri aliyemtangazia mumewe biashara, na ujasiri kweli ulikuwapo. Mimi huvutiwa zaidi na pini ile ya kofia. Mtu hawezi kuuzibua mrija asioujua kazi yake. Bertha alijua mafuta yanatoka wapi na yanakwenda wapi, na kwa hiyo alikuwa fundi, ingawa ni wachache wanaomwita hivyo.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini kila chombo kilikuwa kimepewa mwenyewe. Gari la umeme lilikuwa kimya, halikutoa moshi, halikunuka, na halikuhitaji kupigwa hendeli, ile kazi nzito ya kuzungusha chuma mbele ya injini ambayo, mkono ukikosea au injini ikirudisha nyuma, iliweza kumvunja mtu kifundo. Watengenezaji wakaona mteja wao ni mwanamke tajiri wa mjini, wakalitengenezea gari chumba cha vioo kilichosimama wima kama sebule ndogo, viti vinavyotazamana, fimbo ya kuongozea badala ya usukani wa duara, na mara nyingine chombo kidogo cha kuwekea maua. Detroit Electric, lililotengenezwa tangu 1907 hadi 1939, ndilo lililopata umaarufu zaidi. Lilikwenda takriban kilomita 32 kwa saa na lilisifiwa kuweza kufika kilomita 130 kwa chaji moja. Clara Ford, mke wa Henry Ford, aliendesha gari la aina hiyo katika miaka ambayo kiwanda cha mume wake kilikuwa kikimimina magari ya petroli aina ya Model T kwa maelfu.

Nisieleweke vibaya. Gari la umeme halikushindwa kwa sababu ya maua. Lilishindwa kwa sababu betri za madini ya risasi zilikuwa nzito na zilikwisha haraka, kwa sababu vijijini umeme haukuwapo, kwa sababu mafuta yaligunduliwa kwa wingi Texas mwaka 1901, na kwa sababu Model T ilizidi kushuka bei mwaka hata mwaka. Lakini jina la gari la kike liliongeza uzito ambao betri haikuwa nao. Mwanaume aliyehitaji chombo cha kuzunguka mjini, cha safari fupi zisizo na haraka, alikuwa na sababu zote za kulinunua isipokuwa moja: wenzake wangemwonaje akishuka ndani yake. Kimya, usafi na wepesi wa kuwasha, sifa ambazo binadamu yeyote angezitaka, zilipakwa rangi ya udhaifu. Shida za petroli nazo, yaani hendeli, moshi, makelele na mikono michafu, zikageuzwa kuwa mtihani ambao mwanaume hupimwa kwao.

Kilichonishangaza zaidi niliposoma historia hii ni jinsi mtihani wenyewe ulivyofutwa. Magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yalitoka na stata ya umeme, kazi ya Charles Kettering: mota ndogo na betri yake, zikiwa na jukumu moja tu la kuizungusha injini mpaka ishike. Stata ilisifiwa kwamba itawawezesha wanawake kuendesha magari ya petroli. Muda si mrefu ilikuwa ikitumiwa na kila mtu, hendeli ikasahauliwa, na wala sijapata kusikia mwanaume akiilalamikia stata kwamba imempunguzia heshima. Yaani gari la petroli liliokolewa na kipande cha gari la umeme kilichofichwa chini ya boneti, na kipande hicho kilipoingia katika chombo kilichokwisha kuitwa cha kiume, nacho kikawa cha kiume.

Ndiyo maana nayatazama kwa wasiwasi yanayofanyika sasa. Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, bila kusubiri injini ipande mizunguko, na watengenezaji walipoligundua soko la wapenda kasi waliishika sifa hiyo kwa mikono miwili. Hyundai imetoa Ioniq 5 N, ambayo huiga kwa spika sauti ya injini isiyokuwamo na kulishtua gari kana kwamba gia imebadilishwa, ilhali gia hizo hazipo. Dodge nayo imeitengenezea Charger Daytona ya umeme mfumo wa kutoa mngurumo wa eksozi pasipokuwa na moshi wa kutolea. Jina la Hummer, lile gari kubwa lenye asili ya kijeshi, limerudi katika gari la umeme lenye uzito wa zaidi ya kilo 4,000. Nakubali kwamba wapo watu, wanawake wakiwamo, wanaozifurahia sauti hizi kwa dhati, na furaha ya mtu barabarani si jambo la kudharauliwa. Ninachokipinga ni kwamba akili na fedha nyingi kiasi hicho zimetumika kumhakikishia mwanaume kwamba hajapoteza kitu, wakati yapo mambo mengine yanayongoja.

Sauti yenyewe ni mfano mzuri. Gari la umeme likienda polepole halisikiki, na kwa mtu asiyeona, au mtoto anayevuka huku akicheza, ukimya huo ni hatari. Ndiyo sababu katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021, kila gari jipya la umeme linatakiwa kutoa sauti ya tahadhari linapokwenda chini ya kilomita 20 kwa saa. Sauti hiyo ni ndogo, haimvutii mtu, na imewekwa kwa ajili ya aliye nje ya gari. Mngurumo wa kuigiza humfikiria aliye ndani. Nikiziweka sauti hizo mbili pamoja napata kipimo rahisi cha kujua mbunifu alikuwa akimwazia nani alipokaa mezani.

Na mezani pale hakuna aliyekuwa akiniwazia mimi usiku ule wa mvua niliposimama kuchaji mbali na nyumbani. Kituo kilikuwa nyuma ya jengo ambalo shughuli zake zilikwisha kufungwa. Mashine zilikuwa nne, mbili hazifanyi kazi, na taa pekee iliyowaka ilikuwa ya kioo cha mashine yenyewe. Waya wa mashine ya kuchaji kwa kasi ni mnene kama kifundo cha mkono, tena mgumu, hasa ukiwa na baridi, na ili kichwa chake kiingie sawasawa inabidi kuunyanyua, kuupindisha na kuusukuma kwa pamoja. Nilibana simu kati ya shavu na bega ili tochi yake imulike tundu la kuchajia, mikono miwili ikihangaika na waya uliolowa. Ulipokubali kuingia nilirudi ndani, nikafunga milango, nikaanza kuhesabu dakika arobaini.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sijaliona katika tangazo lolote. Gari lililochomekwa kwenye mashine haliondoki. Ukiwa kwenye petroli ukahisi hatari unaweza kuwasha na kwenda zako, lakini ukiwa unachaji sharti usitishe chaji, mara nyingi ushuke, uchomoe waya, uurudishe mahali pake, ndipo uingie uendeshe. Gari moja liliingia, likasimama nyuma yangu, likazima taa. Dereva alikaa ndani muda mrefu, kisha akashuka akaja dirishani mwangu. Nilishika simu mkononi. Akainama akauliza kwa upole, “Samahani dada, umebakiza dakika ngapi?” Alikuwa anasubiri zamu yake, basi. Nilimjibu, akashukuru, akarudi garini mwake. Hakufanya kosa lolote, na nina hakika hakujua kwamba kwa dakika kumi nilikuwa nikipanga jinsi ya kukimbia na chombo kilichofungwa kwa kamba.

Kituo cha mafuta huwa na paa, taa kali, na kwa kawaida mtu wa zamu, kwa sababu biashara ya mafuta inaweza kuwaka moto na inahitaji jicho. Mashine ya kuchajia haihitaji mtu, kwa hiyo imewekwa popote palipopatikana kiwanja na nguvu za umeme za kutosha, na mara nyingi hapo ni pembeni, nyuma, gizani. Haikuwa dhamira mbaya ya mtu. Ni kwamba waliochagua mahali walijiuliza kuhusu transfoma na hawakujiuliza kuhusu saa nne za usiku. Uingereza mwaka 2022 ilitoa mwongozo uitwao PAS 1899, unaohusu vituo vinavyoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu: kimo cha mashine, uzito wa waya, nafasi ya kuzunguka gari, mwangaza. Niliposoma yaliyomo niliona kwamba karibu kila kinachomsaidia mtu anayetumia kiti cha magurudumu kingenisaidia mimi pia, na kingemsaidia mzee yeyote, na yule dereva aliyekuwa nyuma yangu.

Kuna jambo la safari zenyewe. Watafiti wa usafiri wameonyesha kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, kwamba wanawake hufanya safari fupi zilizounganishwa kwa wingi kuliko wanaume: mtoto hadi shule, kisha kazini, kisha kwa mgonjwa, kisha dukani, kisha mtoto tena. Safari ya namna hiyo, ya kusimama na kuondoka, ndiyo inayoitesa injini ya petroli, na ndiyo gari la umeme linaloimudu vizuri, kwa kuwa kila breki hurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Hata hivyo tangazo likitoka utaoneshwa gari likipanda jangwani peke yake, na utatajiwa sekunde za kufika kilomita 100 kwa saa. Katika Marekani na Ulaya wanunuzi wa mwanzo walikuwa wanaume kwa wingi, na baadhi ya watu wamekimbilia kusema kwamba wanawake wanaogopa teknolojia mpya. Mimi nadhani mtu husita kununua kitu ambacho maelezo yake hayajaigusa siku yake. Norway, ambako mwaka 2024 karibu asilimia 89 ya magari mapya ya abiria yalikuwa ya umeme, inaonyesha kwamba gari hili likishakuwa gari la kila mtu halina haja ya kunguruma ili linunuliwe.

Nitaje pia, kwa ufupi, suala la usalama wakati wa ajali, ambalo halikuletwa na umeme wala halitaondolewa nao. Kwa miongo mingi mwanasesere mkuu wa majaribio ya kugonganisha magari amekuwa na umbo la mwanaume wa wastani, na aliyetumika kuwawakilisha wanawake alikuwa mwanaume yule yule aliyepunguzwa mpaka akawa mdogo mno. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia wa 2019 ulikuta kwamba katika ajali za kugonga kwa mbele, mwanamke aliyefunga mkanda alikuwa na uwezekano wa asilimia 73 zaidi wa kuumia vibaya kuliko mwanaume aliyefunga mkanda. Mwaka 2022 watafiti wa Sweden, wakiongozwa na Astrid Linder, walionyesha mwanasesere mwenye umbo la mwanamke wa wastani, sentimita 162 na kilo 62. Mwaka 2022! Sasa ambapo viwanda vinachora upya sakafu, viti na mahali pa betri, hakuna visingizio vya kutomweka kwenye kiti cha dereva katika kila jaribio.

Nirudi kwenye boneti, kwa sababu nimesema mengi kuhusu wanaume na sijasema lililo gumu kwangu. Kuna kitu wanachopoteza kweli, nami nakihurumia. Baba alizungumza nasi kwa uchache, lakini akiwa juu ya injini maneno yalimtoka. Kwa kaka yangu saa zile za jioni ndizo zilizokuwa za kusikia sauti ya baba yake ikiwa laini, na mtu anapomwambia kwamba injini ni chuma kichafu kinachopaswa kutupwa, yeye husikia kwamba jioni zile zinatupwa. Sidhani watu wote wanaolichukia gari la umeme wana ubabe. Wengine wana huzuni isiyo na jina, na tangazo lenye mngurumo wa bandia linafahamu mahali pa kuigusa.

Lakini ujuzi uliofungiwa kwa mmoja humtesa mwingine. Nilipolipeleka gari langu gereji mara ya kwanza, nikiwa nimefuatana na kaka yangu, fundi alinisikiliza nikieleza tatizo, akageuka akamwuliza yeye, “Dada yako huwa analichaji mpaka wapi?” Kaka yangu hajapata kuendesha gari la umeme. Alinitazama kwa aibu, akamwambia fundi, “Mwenyewe huyo hapo, mwulize.” Mota ya umeme ni mpya kwa fundi huyo kama ilivyo mpya kwangu, sote wawili tumeanza darasa moja, na bado swali lilipita juu ya kichwa changu likaenda kwa mwenye ndevu.

Mwezi uliopita gari lilikataa kuwaka mbele ya nyumba ya baba. Betri kubwa ilikuwa na asilimia zaidi ya themanini, lakini kioo cha dashibodi kilikuwa cheusi na milango haikuitika. Baba alitoka, akazunguka mara mbili akitafuta kitu cha kusikiliza, asikipate, akasema, “Sasa hili tunalianzia wapi, binti yangu?” Nilifungua boneti. Nilimwonesha nyaya za rangi ya chungwa nikamwambia hizo ni za umeme mkubwa, haziguswi kamwe, kisha nikamwonesha betri ndogo ya volti 12 iliyoko pembeni, ile ile aina aliyoizoea, ambayo ikifa gari zima hulala hata kama betri kubwa imejaa, kwa kuwa ndiyo inayoamsha swichi za kuiunganisha ile kubwa. Uso wake ulibadilika. Aliinama, akaona unga mweupe uliojikusanya kwenye kichwa cha betri, akacheka. “Hii naijua,” akasema, na akaingia ndani kutafuta spana.

Aliporudi alikuwa na spana namba kumi, brashi ya waya, na tochi. Spana na brashi alinikabidhi mimi. Alisimama upande wa pili wa boneti akimulika, akanieleza nilegeze upande wa hasi kwanza, na nilipokuwa nikisugua mwanga ulitikisika kidogo, maana mkono wake siku hizi hautulii kama zamani.